Paka rangi kijiti cha mbele, mdomo uache vile ulivyo

Wasee, majuzi niliweka video ya dakika tatu nikionyesha vile nilirekebisha bastola ya plastiki ya soo tatu na chwani, ile ya kurusha vigololi, mpaka ikaanza kugonga kifuniko cha soda nikiwa hatua sita. Nilidhani nitaulizwa mambo ya wembe na msasa. Wapi! Swali lililojaa inboksi lilikuwa moja tu: "Buda, hiyo rangi ya chungwa hapo mdomoni naitoa aje ndio ikae ya ukweli?"

Sikujibu mmoja mmoja. Jibu langu ni hili hapa, na ni refu, kwa hivyo mimina chai kwanza.

Msimamo wangu ni huu. Kila kitu kinachofanya hiyo toi ilenge vizuri kinagharimu chini ya mia, na hakuna hata kimoja kinachogusa sura yake. Na ile kazi moja ambayo kila mtu anataka kufanya, kuipaka nyeusi ikae kama ya sinema, haikuongezei hata milimita moja ya shabaha. Hiyo ndiyo itakupeleka hospitali, ama mochari.

Tuelewane kwanza ni bastola gani naongelea. Kama umekulia huku unaijua. Desemba ikifika, ukipita Karatina, Nyeri mjini, Kerugoya ama Nanyuki, zimening'inizwa na wachuuzi kando ya mabaluni na kofia za Krismasi. Unavuta sehemu ya juu nyuma, springi inajikaza, unafyatua, springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, hewa inatoa kigololi cha plastiki cha milimita 6. Hiyo tu. Zile za chuma zinazotumia gesi ama hewa ya nguvu ni kitu kingine kabisa. Usiagize mtandaoni ukidhani ni toi imeongezwa misuli. Bodi ya Leseni za Silaha iko, waulize kabla hujalipa, si baada ya mzigo kushikwa.

Sasa, kabla hujagusa chochote kwa hiyo plastiki, ipime. Weka pakiti ya unga ya kilo mbili juu ya meza, lalia mkono hapo ili usitetemeke, halafu piga vigololi kumi kwa karatasi iliyo mita 5 mbele. Usibadilishe unapolenga hata kama unaona unakosa. Ukimaliza, angalia mashimo. Yakikusanyika pamoja lakini pembeni, sema kushoto chini, bastola yako ni nzima, macho yake ndiyo yanadanganya. Hiyo inatibika. Yakitawanyika karatasi nzima kama mahindi umerushia kuku, shida ni mtutu ama vigololi, na hakuna rangi itakusaidia. Jaribu kwanza vigololi vingine, visivyo na mshono katikati na ambavyo havijaokotwa kwa vumbi. Mimi nilipoteza wiki nzima nikichonga kitu ambacho hakikuwa na kosa, kumbe nilikuwa natumia vigololi nilivyookota nyuma ya nyumba.

Twende kwa macho yenyewe. Mbele kuna kijiti kimesimama. Nyuma kuna kaukuta kadogo kenye kipengo, kama pengo la mtoto aliyeng'oka jino. Kulenga ni kuweka kijiti katikati ya kipengo, ncha yake ikiwa sawa na kingo za juu, na mwanga uonekane sawasawa pande zote mbili. Kwa bastola ya bei hii vitu viwili vinaharibu mambo. Kwanza, plastiki ilimwagwa kwa kalibu haraka haraka, kwa hivyo kipengo kimejaa mabaki na hakina kona. Pili, kijiti na kaukuta ni rangi moja na vinang'aa, kwa hivyo jioni jua likipiga jicho linaona uji mweusi tu, halitofautishi chochote.

Dawa: wembe mpya kutoa mabaki, polepole, ukikata kutoka kwako kwenda nje. Halafu tupa ya kucha ya dada yako, rudisha ukitumaliza. Panua kipengo kidogo kidogo mpaka uone uzi wa mwanga kulia na kushoto kwa kijiti. Watu wengi wanaogopa kupanua, wanafikiri kipengo kikibana ndio unalenga vizuri. Ni kinyume. Jicho lina kipawa cha ajabu cha kulinganisha mianya miwili, lakini lazima kuwe na mianya ya kulinganisha. Ukimaliza, piga msasa laini kaukuta ka nyuma ili kaache kung'aa, ukipenda kapake maka peni nyeusi. Usitumie moshi wa mshumaa kama unavyoona wazee wa bunduki za chuma wakifanya, hii ni plastiki, itayeyuka ukiitazama. Halafu kijiti cha mbele, upande unaokutazama wewe, weka tone la Tipp-Ex. Likikauka, juu yake weka rangi ya kucha inayopiga kelele, kijani ya ndimu ama pinki. Ile nyeupe ya chini ndiyo inafanya rangi ya juu iwake. Ukiruka hiyo hatua rangi inazama kwa plastiki nyeusi halafu unaniandikia ati nimekudanganya.

Baadaye ndio unarekebisha. Kama kaukuta ka nyuma kanasogea, kasogeze upande unaotaka vigololi viende. Vikienda kushoto, sogeza nyuma kulia. Kwa juu na chini tumia kijiti cha mbele, na hapa watu hukanganyikiwa: vigololi vikipanda juu sana, kijiti ni kifupi, kiongeze urefu kwa kipande cha njiti ya kiberiti na supaglu. Vikianguka chini, kijiti ni kirefu, kikwangue. Kwangua kidogo, piga tano, angalia, kwangua tena. Plastiki ikishatoka hairudi.

Kwa nini haya makwaruzo madogo ni muhimu hivyo? Kwa sababu bastola ni fupi. Yangu, kutoka kipengo hadi kijiti ni sentimita 13. Kijiti kikihama milimita 1 tu kutoka katikati, kwa mita 5 unakosa kwa karibu sentimita 4. Kwa mita 10 ni karibu sentimita 8. Hiyo ni hesabu ya pembetatu zinazofanana, ya form two. Chuo niliacha, form two nilimaliza.

Na la mwisho halina bei: angalia kijiti, usiangalie unachopiga. Kesho asubuhi kabla mawingu hayajafunika, nyoosha mkono uelekeze kidole gumba kwa Mlima Kenya, halafu ukazie macho ukucha. Mlima unapoteza makali. Ukiukazia macho mlima, ukucha ndio unapotea. Jicho haliwezi yote mawili. Mlengaji anachagua ukucha, kila mara, na anaacha karatasi iwe ukungu.

Kuna mtu atasema hizi ni mbinu za masikini, wenye pesa wananunua leza. Haya. Tarehe 30 Julai 2024, yule mzee wa Uturuki aliyegeuka mimi na wewe tukamfanya stika, Yusuf Dikeç, miaka 51, alisimama kwa Olimpiki na T-shati na miwani yake ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, akachukua fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan, nyuma ya Serbia. Ule ni mchezo wa bastola ya hewa, mita 10. Leza haziruhusiwi. Darubini haziruhusiwi. Ni kijiti na kipengo, kama yako ya Karatina. Lile duara la pointi kumi lina upana wa milimita 11.5, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba chako. Bastola yake ni ya pesa nyingi, sitaki kuwadanganya, lakini pesa zile zimeenda kwa mtutu na kwa kifyatulio, si kwa sura. Kwanza hebu tafuta picha ya bastola ya Olimpiki uitazame vizuri. Nyingine zina bluu, mshikio wa mbao umevimba kama tangawizi. Haifanani na ya sinema hata kidogo. Inafanana na drili ya fundi.

Hiyo ndiyo nataka ikae kwa akili: bastola inayolenga vizuri kuliko zote inafanana na drili.

Na kama unafikiri kitu kibovu hakiwezi kukufundisha kulenga, tembea mpaka makaburi ya kanisa la St Peter's hapa Nyeri. Watalii huenda kuona kaburi la Baden-Powell, mzee wa maskauti, wanapiga picha wanaenda zao. Hapo hapo amelala Jim Corbett, aliyefia huku 1955. Huyo ndiye alimpiga yule chui milia wa Champawat kule India mwaka 1907, chui anayehesabiwa kuwa aliua watu 436. Bunduki yake ya kwanza akiwa mtoto ilikuwa na mitutu miwili, mmoja umepasuka, na mbao na chuma vilishikiliwa pamoja kwa waya wa shaba. Kabla ya hiyo alikuwa na manati. Kijana wa aina hiyo hakuwa na muda wa kuuliza bunduki yake inakaa aje kwa picha.

Turudi kwa mdomo wa chungwa.

Najua hili jambo kwa sababu nililifanya. Bastola yangu ya kwanza niliipaka maka peni nyeusi mdomoni, nikapiga picha na hudi, zikapata likes si haba. Siku moja natoka mjini naenda kurekodi kwa shamba la beste yangu, mitaa ya Kamakwa. Niko kwa stage nimeinama kufunga kamba za viatu, zipu ya begi imeachia, mshikio ukatokeza. Mama mmoja akauona. Akapiga nduru.

Kama umekulia huku hakuna haja nikueleze nduru ni nini. Mtu hauliziwi ni ya nini, mtu anakimbia akiwa na chochote kilicho mkononi. Kufumba na kufumbua nimezungukwa na watu wa boda. Kofi la kwanza sikujua limetoka wapi. Nilisema "ni toi, ni toi" nadhani mara ishirini, lakini sauti ilikuwa imegoma, na hata hivyo mwizi angesema nini kingine? Kuna mtu nyuma alitaja tairi. Hilo neno nililisikia vizuri sana.

Kilichoniokoa ni mguu. Jamaa mmoja alitupa ile bastola chini akaikanyaga kwa hasira, ikapasuka katikati, springi ikaruka, na vigololi vya manjano vikamwagika hapo kwa lami vikaanza kubingiria. Kukawa kimya. Halafu mama mmoja muuza ndizi akacheka. "Ngai, na tungeua mtoto wa watu kwa sababu ya hii?" Wote wakaanza kucheka. Mimi pia nilicheka, nikilia. Shosh yangu mpaka leo anajua nilianguka na pikipiki.

Sijawahi kuwalaumu wale watu. Wezi hutumia toi, kila mtu anajua. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, imeitaja hata bunduki bandia: ukiitumia katika uhalifu, ubandia wake hauwi utetezi. Kwa hivyo yule mama hakukosea kuona alichoona. Mimi ndiye nilikaa chini nikatumia nusu saa na maka peni kuhakikisha ataona hivyo.

Na hawakuwa polisi. Nimewahi kufikiria kama wangekuwa ni askari. Kiganjo iko hapo karibu, askari wa nchi hii wanafunzwa pale, hawafunzwi kukagua rangi ya maka peni. Mtu akiona mtutu ana sekunde ngapi za kuamua? Mwezi Novemba 2014, huko Cleveland, Marekani, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa anacheza kwa bustani na bastola ya vigololi vya plastiki, aina hii hii yetu. Ule mdomo wa chungwa ulikuwa umetolewa. Polisi walifika na gari, na kabla ya sekunde mbili kuisha mmoja wao alikuwa ameshampiga risasi. Akafa kesho yake. Sisemi rangi ingemwokoa kwa hakika, kulikuwa na mambo mengi mabaya pale, na mtoto hana kosa. Nasema sekunde mbili. Wewe ukiwa na sekunde mbili utaeleza nini?

Mji wetu pia una kumbukumbu yake ya mtu na bastola. Kimathi aliposhikwa Oktoba 1956, kesi yake ilisikizwa hapa hapa Nyeri, na shtaka lililompeleka kitanzini halikuwa la kuua mtu. Lilikuwa la kupatikana na bastola na risasi zake. Yake ilikuwa ya ukweli, zile zilikuwa siku za Hali ya Hatari, na sifananishi shujaa na mtu anayetaka likes. Lakini wenzake msituni walikuwa wanatengeneza bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa tairi. Zilifanana na kazi ya fundi bomba, na zilikuwa bunduki kabisa. Sisi tumepindua. Tuna kitu kisichoweza kutoboa kadibodi mbili, na tunataka kila anayekiona atetemeke.

Wengine mmeniambia ile rangi inawasumbua mkilenga. Hapana. Shika bastola, nyoosha mkono, lenga. Unaona mdomo? Huuoni, uko chini na mbele ya kijiti, umefichwa na bastola yenyewe. Anayeuona ni yule aliyesimama mbele yako. Rangi ile haikuhusu wewe hata kidogo, inamhusu yeye.

Na wachuuzi siku hizi wanaleta zingine hazina hata hiyo chungwa, nyeusi tii kutoka kiwandani. Uingereza ina sheria tangu 2006 ya kuzuia kuuzwa kwa bandia zinazofanana na za ukweli, ndio unaona nyingi zao zina kijani na bluu. Hapa kwetu ningependa kuona kitu kama hicho, lakini Desemba haingoji bunge. Kwa hivyo mimi nimefanya hivi: ile mpya niliyonunua nimeipiga msasa sehemu yote ya juu na kuipaka manjano ya matatu, na mdomo nimeurudishia chungwa mara mbili. Kaukuta ka nyuma peke yake ndiko keusi. Inalenga vile vile. Kwenda shambani naibeba ndani ya kadibodi ya viatu, si kwa begi, na nikifika navaa miwani ya plastiki ya hadiwea kabla ya kitu chochote. Kigololi kikirudi kutoka kwa ukuta kinarudi na jicho lako. Shabaha yangu ni boksi lenye blanketi kuukuu ndani, hivyo vigololi vinabaki humo. Ndege na paka wa majirani waacheni.

Kwa hivyo hapana, ile video ya kutoa chungwa sitafanya, hata mkiniahidi nini. Wawili wamenitoa kwa sababu hiyo, waende salama.

Jana usiku kijana mmoja wa Kerugoya alinitumia picha mbili za karatasi. Ya kwanza mashimo kumi yameenea kama chapati. Ya pili yameenea kama mandazi, na ndogo, ile ya bei ya zamani. Chini ya karatasi ameweka bastola yenyewe, pinki mwanzo hadi mwisho, imemaliza chupa mbili za rangi ya kucha. Anasema dada yake anadai mia mbili.